George Paston aliyeandika wasifu wa Lady Mary na wa Pope: kwenye tasnifu nimtaje kwa jina gani?

BintiKigamboni

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua fasihi ya Kiingereza ya zamani, hasa upande wa wasifu. Naandika tasnifu kuhusu Lady Mary Wortley Montagu, yule mama wa Kiingereza ambaye mumewe alipelekwa ubalozi Constantinople (Istanbul ya leo), akawaona wanawake wa kule wanavyochanja watoto ndui kwa usaha wa mgonjwa, na yeye 1718 akamchanja mwanae hukohuko, alafu 1721 wakiwa wamesharudi London akamchanja na binti yake na hapo ndo mji mzima ukaanza kuzungumza. Sasa kwenye kusoma nimefika kwenye wasifu wake mmoja mnene wa 1907, jina la juu ni George Paston, na katalogi ya maktaba inasema George Paston ni Emily Morse Symonds, mwanamke, 1860 mpaka 1936. Huyohuyo 1909 akatoa wasifu wa Alexander Pope, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 18, juzuu mbili.

Msimamizi wangu anataka kila mahali niandike Symonds, anasema mwanamke alifichwa na sasa tumrudishie jina lake. Mwalimu mwingine wa idara hiyohiyo anasema hapana, kilichoandikwa kwenye jalada ndicho kinachoandikwa kwenye marejeo. Mimi nimekaa katikati na sura ya pili haisogei. Ila kinachonisumbua zaidi ya hiyo marejeo ni huyu mama mwenyewe, alikuwa nani, kwanini abaki na jina la kiume mpaka karne ya 20 na kwenye kazi nzito kama wasifu, na je, naweza kumwegemea kama chanzo au nimsome tu kwa kujua walifikiri nini enzi zile? Nakaribisha mawazo yote.

MzeeWaMakavazi

Karibu sana binti yangu, swali lako limenifurahisha maana huyu mama watu wanampita kila siku kwenye tanbihi na hakuna anayesimama kumtazama.

Emily Morse Symonds ni mtoto wa mchungaji, wa Norwich, mashariki ya Uingereza, na ni binamu wa John Addington Symonds, yule aliyeandika juzuu kwa juzuu kuhusu Renaissance ya Italia. Kwahiyo jina la Symonds kwenye soko la vitabu lilikuwa tayari lina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanaume maarufu. Hilo liweke akilini kabla hujakubali kwamba jina la kubuni lilikuwa kizuizi kwake, maana angeandika Symonds angeishia kuulizwa habari za binamu yake kila anapokaa. Paston nalo si jina la hovyo, ni ukoo wa Norfolk, mkoa wa Norwich yenyewe, ukoo unaojulikana kwa barua zao za karne ya 15 ambazo ni kati ya barua za kifamilia za zamani kabisa zilizobaki kwa Kiingereza. Mtu ambaye baadae ataishi kwa kusoma barua za watu waliokufa anajipa jina la familia ya barua. Mimi siwezi kuliona hilo kama barakoa tu ya kujificha.

Alianza na riwaya, 1894 mpaka 1898, na karibu zote ni wasichana wanaotaka kujitegemea. Ya mwisho ndo nakuomba uisome hata kama haipo kwenye mada yako, A Writer of Books, ya 1898. Msichana anaitwa Cosima, baba yake mtunza maktaba wa mji mdogo, baba anafariki, binti anakwenda London na mswada wake chini ya kwapa anataka kuwa mwandishi. Anakutana na wachapishaji, anakutana na nyumba za kupanga, anakutana na ndoa na mume asiyejua kazi ya mkewe ni nini, na mwisho anaondoka anabaki na kazi yake. Mwandishi mwenyewe hakuolewa. Arnold Bennett, mwandishi wa riwaya, alifahamiana nae miaka hiyohiyo na anamtaja kwenye shajara yake, kwahiyo watu wa fani walijua George Paston ni Miss Symonds, haikuwa siri ya kumvua mtu nguo.

Alafu riwaya zinasimama. 1901 anatoa kitabu cha wasifu fupifupi za karne ya 18, 1902 cha karne ya 19, na kuanzia hapo anakuwa mtu wa barua, shajara na hati mpaka anakufa, katikati akiandika na michezo ya jukwaani ambayo baadhi ilipendwa sana London, Nobody's Daughter ya 1910 ni mmoja. Na hapa kwenye wasifu ndo ninapotaka tukae kidogo.

Kwenye dibaji ya kile kitabu cha 1902 anasema wazi amechaguaje watu wake. Anataka watu wadogo kidogo wa sifa, wale ambao maisha yao yanaonyesha jinsi waandishi na wasanii walivyokuwa wanaishi nusu ya kwanza ya karne, na ambao waandishi wa wasifu wa siku zake hawajawachosha kwa kuwaandika. Na ameingiza wageni wawili makusudi, Mmarekani mmoja, N. P. Willis, na mwanamfalme mdogo wa Kijerumani, Pückler-Muskau, kwa hoja kwamba mgeni anaiona jamii kama vizazi vijavyo vitakavyoiona, anashika mambo ambayo mwenyeji yanampita. Hiyo ni nadharia nzima ya wasifu imewekwa kwenye sentensi mbili tatu, na imewekwa mwaka 1902, watu wakiwa bado wanaandika wasifu kama mawaidha ya msibani, juzuu mbili za kumsifia marehemu kwa agizo la mjane.

Angalia anavyomfanyia kazi Pückler. Huyu bwana ana mashamba makubwa na madeni makubwa zaidi, anapenda bustani mpaka anafilisika, anakubaliana na mkewe Lucie waachane kisheria ili yeye aende Uingereza kutafuta mke tajiri wa kulipa madeni ya nyumba yao wote wawili, na miaka hiyo yote akiwa Uingereza, 1826 mpaka 1829, anamwandikia huyohuyo mtalaka wake barua ndefu kila anachokiona. Mke tajiri hakupatikana. Barua zikachapwa, zikauzwa sana, zikapunguza shida. Mwandishi wa mawaidha wa wakati ule angemhukumu kuanzia ukurasa wa kwanza. Paston anamwacha aongee, anakupa barua, anakaa pembeni. Unamaliza sura unamjua mtu.

Kuhusu jina sasa. Aliandika kama George Paston kuanzia miaka ya 1890 mpaka kitabu cha mwisho, kile alichokuwa anakiandaa kuhusu wanawake waliomwandikia mshairi Lord Byron, Peter Quennell akakimalizia na kikatoka 1939, yeye ameshafariki miaka mitatu, na bado juu kimeandikwa George Paston. Zaidi ya miaka arobaini. Hilo ndo jina alilolifanyia kazi, ndilo wahariri walilolilipa, ndilo lililokuwa kwenye mabango ya tamthilia. Ukilifuta kwenye tasnifu kwa nia ya kumtendea haki utakuwa umemnyang'anya kitu pekee alichojitengenezea mwenyewe. Mimi naandika Paston, na mara ya kwanza kumtaja naeleza ni nani.

Mvita_Kalamu

Mzee shikamoo. Nakubaliana na mengi ila hapo kwenye jina nakupinga kwa heshima. Huwezi kulitenganisha jina lile na ule mlango wa wahariri ambao kwa mwanamke ulikuwa mgumu kufunguka. Kina Brontë 1846 walitoa mashairi kama Currer, Ellis na Acton Bell, Marian Evans akawa George Eliot, na Emily Symonds alipoanza 1894 ile desturi ilikuwa bado ina maana kwa mhariri anayefungua bahasha. Na kwa riwaya ingekuwa nafuu kidogo, wanawake riwaya walikuwa wanaandika tele. Lakini Pope! Pope ilikuwa nyumba ya wanaume watupu, Elwin na Courthope wametoa mijuzuu ya kazi zake, Leslie Stephen ameandika maisha yake, na wote hao wamesoma vyuo ambavyo kwa zama zile digrii mwanamke hapewi, Oxford waliwapa wanawake digrii 1920, Cambridge mpaka 1948. Sasa mwanamke asiye na chuo anakuja na juzuu mbili kuhusu Pope mwaka 1909. Msomaji aliyeko Leeds au Edinburgh asiyemjua mtu yeyote London anaona George, anasoma kama George. Kujulikana na kina Bennett si kujulikana na nchi nzima.

Na wewe dada BintiKigamboni una kitu kizuri mkononi sijui kama umekiona. Lady Mary mwenyewe 1722 watu walipokuwa wanabishana kuhusu kuchanja aliandika makala gazetini akajificha kama mfanyabiashara wa Uturuki, mwanaume. Alitetea jambo alilolifanya kwa watoto wake mwenyewe kwa sauti ya mwanaume wa kubuni maana madaktari wasingemsikiliza mama. Tena hilo halikujulikana enzi za Paston, ni mtafiti Robert Halsband aliyelionyesha miaka ya 1950. Kwahiyo una mwandishi mwenye jina la kiume anaandika maisha ya mwanamke aliyetumia jina la kiume, na hajui. Hiyo peke yake ni sura ya tasnifu, na msimamizi wako akiiona ataacha ubishi wa marejeo.

MzeeWaMakavazi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya mfanyabiashara wa Uturuki umeileta mahali pake kabisa. Na hoja ya msomaji wa mbali naipokea, jina lilimfungulia mlango mwanzoni. Ninachosema mimi ni kwamba mlango ulipokuwa umeshafunguka hakulitupa, na hiyo ni hiari yake, tuiheshimu.

Nirudi kwenye swali la tatu, la kumwegemea kama chanzo, maana hilo ndo litakuumiza kwenye utetezi. Jibu langu ni mweke sehemu yake. Kwa tarehe na hati tumia Halsband, wasifu wake wa 1956 na ile hariri ya barua kamili ya 1965 mpaka 1967, na juu yake Isobel Grundy wa 1999. Hao walifika kwenye hati nyingi ambazo Paston hakuzipata na walizikagua kwa ukali wa kitaaluma. Paston umsome kwa mambo mawili. La kwanza anakuonyesha mwaka 1907 Lady Mary alionekanaje, nini kilisemwa na nini kilipitwa kimya. La pili ana sikio. Anajua barua ipi inyamazishwe na ipi isomwe nzima.

Na ukumbuke alikuwa anafanya kazi kwenye shamba lililochomwa moto. Shajara ya Lady Mary aliyoiandika miaka mingi binti yake, Lady Bute, aliichoma. Zile barua za ubalozini tunazozisifia si barua kama zilivyotiwa kwenye mkoba wa posta, ni kitabu alichokipanga mwenyewe kutokana na barua na kumbukumbu zake, mswada akamwachia mchungaji mmoja Rotterdam 1761 akiwa njiani kurudi nyumbani kufa, na ulichapwa 1763, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwahiyo hata ile barua ya kuchanja unayoinukuu (najua unainukuu, kila mtu anainukuu) uiseme ni ya aina gani. Ukitaka tukio lenyewe la 1718 lilivyokuwa chumbani nenda kwa daktari wa ubalozi, Charles Maitland, aliyekuwepo na akaandika. Anaeleza bibi mzee wa Kigiriki aliyeitwa kumchanja mtoto, mkono unamtetemeka, sindano yake butu imeshika kutu, mtoto analia kwa maumivu mpaka Maitland anachukua kisu chake anamaliza mkono wa pili. Weka hiyo kando ya barua ya Lady Mary ambayo ndani yake kila kitu ni chepesi kama watoto wanacheza, alafu uandike kilicho katikati.

Lady Mary huyu ndui ilikuwa imemuua kaka yake 1713 na yeye mwenyewe ilimshika 1715 ikamla kope zote, usoni makovu, yeye aliyekuwa anasifiwa uzuri mji mzima. Hakuwa mtalii anayeandika vituko.

Msafwa_Juu

Wakuu samahani naingilia, huyu George Paston ndo yule wa kitabu cha nyumba ya uchapaji ya John Murray? Kuna profesa alikitaja kwenye mambo ya wapelelezi wa Afrika.

MzeeWaMakavazi

Ndo huyohuyo, At John Murray's, 1932, anashika miaka 1843 mpaka 1892, enzi za John Murray wa tatu, pale 50 Albemarle Street, London. Alikuwa na miaka zaidi ya 70 alipokitoa. Nyumba ile ndo iliyochapa kitabu cha Darwin cha 1859, na kwa upande wetu ndo iliyochapa cha Livingstone cha 1857, na alipofariki kule Chitambo 1873 na kina Chuma na Susi na wenzao wakabeba maiti mpaka pwani, ikafika Bagamoyo mwanzoni mwa 1874, zile shajara zake za mwisho alizihariri Horace Waller na mchapaji akawa Murray, mwaka huohuo 1874. Chuma na Susi walisafirishwa mpaka Uingereza wakakaa na Waller wakamweleza mambo ambayo karatasi hazikuyasema. Mtu anayetafiti sauti zao aanzie kwenye hati za mchapishaji, maana mchapishaji ndo anaamua nini kinabaki, na Paston alielewa hilo kabla ya wengi, aliandika wasifu wa meza ya mhariri badala ya wasifu wa mtu mmoja.

Nyumba hiyohiyo pia, Mei 1824, ndiyo kumbukumbu za Byron zilichomwa kwenye jiko la sebuleni, watu wamesimama wanatazama. Kwahiyo unamwona huyu mama maisha yake yote anazunguka palepale, Lady Mary shajara imechomwa, Byron kumbukumbu zimechomwa, na yeye anakusanya kilichobaki. Kile kitabu chake cha mwisho ni barua za wanawake kwenda kwa Byron, wanaojulikana, mfano Caroline Lamb, na wasiojulikana kabisa. Byron ameandikwa mpaka basi. Waliomwandikia yeye hakuna aliyewauliza.

Mvita_Kalamu

Hapo umenigusa mzee. Na Pope pia ni habari ya barua, ila ya aina nyingine. Pope 1735 alipanga mambo kwa siri mpaka mchapaji Curll akazitoa barua zake kama vile zimeibwa, alafu akalalamika hadharani, alafu 1737 akatoa toleo lake "sahihi" kana kwamba amelazimishwa. Na ndani yake barua alizomwandikia rafiki yake Caryll amezigeuza zionekane alimwandikia mwandishi maarufu Addison na wakubwa wengine. Hilo liligundulika katikati ya karne ya 19, mhakiki Dilke alipopata nakala za Caryll. Sasa mwandishi wa wasifu anafanyaje na mtu aliyeghushi ushahidi wake mwenyewe? Wanaume wa zama za Victoria walimkasirikia, Elwin yeye alimchukia mpaka akaacha kazi njiani Courthope akaimalizia. Paston anamchukua Pope na ule mwili wake, mgongo umepinda tangu utotoni, kimo kama mtoto wa miaka kumi, Mkatoliki kwenye nchi ambayo sheria inamzuia Mkatoliki kukaa ndani ya maili kumi za London, anamweka katikati ya marafiki na maadui zake na kumwacha awe mtu. Kwa kichwa cha kitabu tu unaona, amemwita Mr. Pope, kama jirani.

Tena alikuwa ametoka kumwandika Lady Mary, adui wa Pope. Walianza marafiki, Pope akimwandikia barua za mapenzi kule Constantinople, wakaishia kuchambana kwa mashairi mbele ya watu. Kuandika pande zote mbili za ugomvi mmoja, vitabu viwili, miaka miwili, na usionekane umekodiwa na upande wowote, hiyo si kazi ya kila mtu.

BintiKigamboni

Nawashukuru sana wote, nimesoma mara mbili. Nimeamua hivi: kwenye marejeo ni Paston, George, na mabano yenye jina lake la kuzaliwa, kwenye maandishi ni Paston, na sura ya pili inapata sehemu mpya kuhusu yule "mfanyabiashara wa Uturuki" na mwandishi wa wasifu asiyemjua. Maitland nimeshampata. Msimamizi nitampelekea na hoja ya Mvita na ya mzee zote mbili, asome mwenyewe.

Mzee swali la mwisho, kama nataka kumwona Paston akiwa kwenye ubora wake nje ya mada yangu, nianzie wapi?

MzeeWaMakavazi

Kitabu cha 1902, Little Memoirs of the Nineteenth Century, kipo Project Gutenberg bure, hata kwenye simu kinafunguka. Anza na Haydon, ndo sura ya kwanza. Benjamin Robert Haydon, mchoraji aliyeamini Mungu amemleta duniani achore picha kubwa za historia, picha za ukuta mzima, wakati wateja wa Uingereza wanataka picha za sura zao za kuweka sebuleni. Amefungwa kwa madeni zaidi ya mara moja, amezika watoto, anaandika shajara kila siku. Aprili 1846 anaonyesha picha zake Egyptian Hall pale Piccadilly, na ndani ya jengo hilohilo Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho, ameleta mtu mfupi sana kutoka Marekani, Tom Thumb. Haydon anaandika hesabu kwenye shajara: wiki ile Tom Thumb kapata watu 12,000, yeye kapata 133 na nusu, nusu yenyewe ni kasichana. Juni akajiua.

Watu wa sanaa walikuwa wanamtaja Haydon kama mfano wa mtu aliyekosa kipaji akakosa na akili. Paston alimwona mwandishi. Picha zake hazikudumu, shajara imedumu, na miaka mitatu baadae, 1905, alirudi kwake akamwandikia kitabu kizima. Ukimaliza Haydon nenda kwa Lady Hester Stanhope, mpwa wa waziri mkuu Pitt aliyekwenda kuishi kwenye vilima vya Lebanon akafia huko na madeni, maana kwa mtu anayeandika kuhusu Waingereza wa kike kwenye ardhi za Waturuki utamhitaji tu, na ukifika pale niandikie tumlinganishe na Lady Mary, nina mawazo yangu.